Kabla ya kulipa karo, omba kuona daftari la stoo

Ukienda kukagua chuo unachotaka kusomea utayarishaji wa midia ya kidijitali, watakupeleka studio kwanza. Utaonyeshwa ukuta wa kijani, taa tatu zilizoelekezwa kwenye kiti kimoja na kamera kubwa juu ya tripodi, na mtu wa usajili atakualika ukae upigwe picha ya kumbukumbu. Kaa, tabasamu, shukuru. Kisha muulize kwa adabu: "Samahani mwalimu, naweza kuona daftari la kuazima vifaa?"

Kila chuo chenye kamera kina stoo, na stoo inayofanya kazi huwa na kitabu ambamo mwanafunzi huandika jina, namba ya kifaa, tarehe ya kuchukua na tarehe ya kurudisha. Kitabu hicho husema kweli kuliko brosha yoyote. Kikiwa na sahihi za wiki hii, majina mengi tofauti, na vifaa vilivyotoka Ijumaa jioni vikarudi Jumatatu asubuhi, umefika mahali pa kusoma. Kikiwa na kurasa nyeupe, au maandishi ya mwisho ni ya muhula uliopita, basi kamera ile ya studio ni ya wageni. Ukiambiwa hakuna daftari, uliza funguo za stoo anakaa nazo nani. Mahali ambapo funguo ziko kwa mkuu wa chuo, na mkuu wa chuo yuko Nairobi, wanafunzi husomea kamera ubaoni.

Nasema hivi nikiwa upande wa pili wa meza. Nilitoka Luanda, kaunti ya Vihiga, nikasomea diploma hapa Kisumu, na sasa riziki yangu ni harusi, matanga, na filamu fupi za mashirika yanayofanya kazi kando ya ziwa. Kila mwaka vyuo huniletea vijana wa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini. Wote wanaweza kukuandikia maana ya ISO, yaani wepesi wa kamera kuona mwanga, bila kukosea. Wape kamera ndani ya ukumbi wenye giza, bwana harusi ameshafika mlangoni, ndipo utajua nani alikuwa akiazima vifaa na nani alikuwa akinakili notsi za darasani. Kwa hiyo maelezo yangu yote yana shabaha moja: upate saa nyingi za kushika vifaa na kumaliza kazi kabla muda wako wa chuo haujaisha.

Makaratasi, tuyamalize haraka

Diploma kwa kawaida huhitaji alama ya jumla ya C- katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na cheti huhitaji D. Kozi nyingine huongeza sharti la lugha, kwa hiyo soma tangazo la chuo chenyewe. Katika mfumo wa umahiri, unaopima kazi unayoweza kufanya kwa mkono, diploma huitwa kiwango cha 6 na cheti kiwango cha 5. Usishtuke ukiona namba mahali ulipotarajia jina. Nafasi za vyuo vya umma huombwa kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi hizo, na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya masomo, si wa wanafunzi wa vyuo vikuu peke yao, hata wa vyuo vya ufundi huomba. Kabla shilingi haijatoka mfukoni, hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, uulizie kibali cha kozi pia, na ujue mtihani wa mwisho unatungwa na nani.

Jina la kozi lisikusumbue. Mahali pengine ni midia ya kidijitali, pengine filamu na televisheni, pengine teknolojia ya midia. Omba orodha ya masomo uone sauti imepewa saa ngapi, uhariri saa ngapi, na kama kuna kazi ya mwisho ambayo ni lazima ionyeshwe mbele ya watu. Digrii za mawasiliano, kama zinazofundishwa Maseno au Masinde Muliro kule Kakamega, ni njia nyingine. Zina nadharia na utafiti zaidi, na anayeota kuwa mwanahabari au mhadhiri azifikirie. Mimi nilitaka kushika kamera mapema, na shangazi aliyenilipia karo alitaka nimalize mapema. Hapo hatukubishana.

Maswali mengine matatu ya kuuliza siku ya ukaguzi: wanafunzi wangapi hutumia kamera moja? Stima ikipotea, maabara ya uhariri hufanyaje? Kifaa kikiharibika, hutengenezwa na nani? La tatu ndilo zito. Chuo chenye fundi wake huazimisha bila hofu. Kisicho na fundi huficha, na huwezi kukilaumu sana, maana lenzi moja ikianguka hakuna nyingine.

Mwenye stoo ni mwalimu wako wa kwanza

Wetu alikuwa mzee mpole mwenye miwani, aliyeniita *nyar Maragoli*, yaani binti wa Maragoli kwa Kijaluo, tangu wiki ya kwanza hadi siku ya mahafali. Hakuwa na digrii, lakini ndiye aliyeamua nani atatoka na kamera nzuri na nani atapewa ile yenye kitufe kinachokwama. Alichotaka ni kidogo: kifaa kirudi siku iliyoandikwa, betri zikiwa zimejaa, kadi zikiwa tupu, na kasoro umtajie wewe kabla hajaiona yeye. Mwanafunzi anayesema "Mzee, kifuniko cha lenzi kimepotea, nitanunua kingine Jumamosi" ataazimwa tena. Anayerudisha begi kimyakimya na kukimbia ameandikwa kichwani.

Ukichukua kifaa, kipige picha kwa simu hapohapo kaunta: lenzi, skrini, miguu ya tripodi. Hiyo ni kinga yako siku mtu mwingine atakapokwaruza kioo.

Halafu jua majira ya stoo. Wiki ya kutoa kazi za muhula kila mtu anataka kamera. Wiki baada ya mtihani vifaa vinalala. Hapo ndipo unapochukua. Pia azima ambacho hakuna anayekigombea: kinasa sauti, taa, tripodi nzito. Watu hupigania kamera wakakuachia maikrofoni ya bunduki, ile ndefu inayosikia zaidi inakoelekezwa, rafu nzima, na baadaye hao hao watakulipa uwarekodie sauti.

Jiunge na wenzako wawili muwe kundi dogo: mmoja kamera, mmoja sauti, mmoja uhariri, na kila kazi mpya mbadilishane. Ni lazima mbadilishane. Mwenye laptopu hugeuzwa mhariri wa kudumu kwa sababu tu ana laptopu, akamaliza chuo hajawahi kushika maikrofoni.

Usinunue kamera

Angalau si mwaka wa kwanza. Hela kidogo uliyo nayo inunue vitu ambavyo chuo huwa hakina vya kutosha: hedifoni inayoziba sikio vizuri, maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, diski ya nje, na kadi za memori halisi kutoka duka linalokupa risiti. Kadi bandia huandikwa gigabaiti 128 nje huku ndani hazifiki hata robo, na huanza kufuta picha zikijaa. Ijaze kadi mpya yote nyumbani, uitazame tena kwenye kompyuta, ndipo uende nayo kazini.

Simu yako inatosha kujifunzia. Tatizo moja tu: simu nyingi zenyewe hubadilisha idadi ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, kwa sekunde kulingana na mwanga, na ukifika kwenye uhariri sauti iliyorekodiwa pembeni inaanza kuachana na midomo. Tumia programu inayokuruhusu kufunga fremu, kama Blackmagic Camera, ambayo ni ya bure kwenye iPhone na baadhi ya simu za Android.

Laptopu ya mtumba ni sawa, lakini memori isiwe chini ya gigabaiti 16 na diski iwe SSD. DaVinci Resolve ina toleo la bure ambalo litakutosha muda wote wa diploma. Ikikwama, tengeneza nakala nyepesi za video ndani ya programu yenyewe, uhariri hizo, na wakati wa kutoa kazi irudi kutumia zile nzito. Nimeona vijana wakikopa kununua laptopu mpya kwa kukosa kujua kitufe hicho.

Sauti

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi huangukia.

Bibi aliye Ugenya anayetazama mazishi ya ndugu yake kwenye simu ya mjukuu hajali ukungu wa picha. Anauliza, "Anasema nini?" Usipoweza kumjibu, kazi yako haipo.

Bana maikrofoni kiasi cha shibiri moja chini ya kidevu. Tazama shanga, mkufu, leso, na tai ya mchungaji. Chochote kinachosugua kitasikika kuliko maneno. Weka kiwango ili sauti ya juu kabisa ya msemaji icheze kati ya desibeli -12 na -6. Ikigonga sufuri imepasuka, na hakuna programu inayoirudisha ikawa nzima. Rekodi kwa kilohezi 48, ndicho kipimo cha video. Kisha vaa hedifoni, na usiivue mpaka mtu amalize kuongea. Kutazama mshale unaocheza kwenye skrini hakutoshi. Mshale hucheza hata kwa ngurumo ya bodaboda.

Kisumu ina maadui wake wa sauti, wajue kwa majina. Wa kwanza ni upepo wa ziwani, ambao kuanzia mchana huvuma kuelekea nchi kavu. Ukienda ufukwe wa Dunga bila manyoya ya kufunika maikrofoni utarudi na mvumo mtupu. Wa pili ni mvua ya alasiri juu ya mabati. Ikianza, funga begi, mahojiano yameisha. Ndiyo maana mimi hupanga mahojiano asubuhi, picha za mandhari baadaye. Wa tatu ni friji. Izime, na funguo za nyumba yako uziweke ndani yake, ili usiondoke kabla ya kuiwasha tena ukaharibu samaki wa watu.

Kabla hujaondoka, waombe wote wanyamaze nusu dakika, urekodi ukimya wa chumba chenyewe. Watacheka. Waache wacheke, kisha warudi kunyamaza. Ukimya huo ndio utakaoziba mianya ukikata maneno wakati wa kuhariri.

Zoezi ambalo huwapa vijana wangu: nenda soko la Kibuye siku ya Jumapili, siku yake kubwa, urudi na dakika moja ya muuzaji akieleza bei, kila neno lisikike. Kuna spika za wahubiri, kuna manamba, kuna wanaopiga kelele za bei. Wanaofaulu hufanya mambo mawili. Husogea karibu mno, na maikrofoni huielekeza ili mgongo wake utazame kelele. Wajanja zaidi humwomba muuzaji wa mitumba aingie ndani ya kibanda chake. Nguo zimening'inia pande tatu, zinameza mwangwi wote. Studio nyingi za vyuo hazina ukuta mzuri namna hiyo.

Mwanga na namba

Tunaishi karibu kabisa na mstari wa ikweta. Kibao chake kiko barabarani pale Maseno. Maana yake kwa mpiga picha ni kwamba saa sita mchana jua liko utosini na macho ya mtu yanageuka mashimo mawili meusi. Usipigane nalo. Mpeleke msemaji kwenye baraza au chini ya mwembe, asimame karibu na ukingo wa kivuli, uso ukitazama nje kwenye mwangaza. Machweo nayo ni mafupi: jua huzama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja, huteremka wima, na giza halibembelezi. Ukitaka picha ya mashua na jua la dhahabu Dunga, uwe umeshasimama, tripodi imefungwa, saa moja kabla.

Kamera ikiachwa ijiamulie, hutazama hema jeupe na shati jeupe, ikadhani kuna mwanga mwingi, ikatia uso giza. Ngozi zetu ndizo hulipa gharama hiyo. Pima mwanga kwenye uso wa mtu, ufunge hapo, na hema liwe jeupe kupita kiasi likitaka. Mizani ya weupe, inayoiambia kamera nyeupe ni ipi, pia ifunge: karibu kelvini 5600 juani, karibu 3200 chini ya balbu za manjano. Ukiiacha ijirekebishe, shela la bi harusi litabadilika rangi katikati ya kiapo.

Namba nyingine ya kukariri ni 25. Rekodi fremu 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Sababu iko ukutani: stima ya Kenya ni hezi 50, na taa nyingi za ukumbini huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Shata ya 1/50 au 1/100 hulingana na mpigo huo. Simu na kamera nyingi kutoka dukani huwa zimewekwa fremu 30 na shata 1/60, kama zinavyotumika Marekani ambako stima ni hezi 60, na hapo ndipo unapoona michirizi ikipanda na kushuka ukutani. Tafuta kwenye menyu palipoandikwa NTSC, mpangilio huo wa Marekani, uchague PAL, ule wa fremu 25.

Matanga, darasa ambalo chuo hakina

Huku magharibi, anayetaka saa za kushika kamera hakosi mazishi. Nasema kwa heshima. Familia nyingi sasa zina watoto Nairobi, Uingereza, Marekani, Qatar, na wanataka kuona. Kazi huanza asubuhi na mapema na kwisha alasiri, haina kurudia, haina "samahani Baba Askofu, mwanzo tena." Mwanafunzi akimaliza matanga kadhaa salama, harusi haimtishi.

Usianze peke yako. Mtafute anayefanya kazi hiyo, umwambie utambeba begi bure au kwa nauli. Siku hiyo vaa nguo za staha, rangi tulivu, viatu visivyopiga kelele, hata ukienda kukaa udongoni. Mkifika, kabla ya kufungua begi, muone mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Mimi husema hivi, nikianza na neno la Kijaluo la kumheshimu mzee: "*Jaduong'*, poleni sana. Sisi ndio wa kamera. Tunaomba utuonyeshe mahali tusipopaswa kusimama." Ukimwuliza unapokatazwa, yeye mwenyewe atakuonyesha unaporuhusiwa, na baadaye shemeji mlevi akija kukusukuma, mzee atasema, "Waacheni, nimewapa ruhusa." Uliza pia kama familia inataka uso wa marehemu urekodiwe. Usikisie. Kuna nyumba hilo ni lazima, kuna nyumba ni aibu kuu.

Ichukue ile programu iliyochapishwa, upige picha kila ukurasa. Humo mna majina ya watoto, wakwe na wajukuu, yameandikwa na wenyewe. Ukifika kuweka majina chini ya skrini, nakili kutoka humo. Kukosea jina la mkaza mwana kwenye video ya mazishi ni kosa litakalotajwa hadi kwenye kumbukumbu ya mwaka.

Kamera ya kwanza ikae juu ya tripodi, ikitazama msemaji, isisogee. Hiyo ndiyo bima. Ya pili, mkononi, itafute nyuso, mikono, kwaya, sufuria jikoni, watoto juu ya ukuta. Kwenye kaburi simama upande ambao familia haipiti, upige magoti, usipande juu ya udongo uliochimbwa. Mtu akianguka kwa uchungu, rudi nyuma hatua mbili. Picha hiyo hata ukiipata, wenyewe watakuomba uitoe.

Hesabu ya kadi ifanye usiku uliotangulia. Kamera inayoandika megabiti 50 kwa sekunde hula megabaiti 375 kwa dakika, yaani gigabaiti 22.5 kwa saa. Kadi ya 64 haifiki saa tatu, na wasemaji wa mazishi ya Siaya unawajua. Beba kadi za siku nzima na betri za siku nzima, kwa sababu jenereta ni ya spika na itakapozima hakuna atakayeuliza kuhusu chaja yako.

Wakitaka matangazo mubashara, mambo mawili huwaangusha wanaoanza. Akaunti mpya ya YouTube hungoja hadi saa 24 tangu uombe kuruhusiwa kutangaza mubashara. Omba mapema, si asubuhi ya mazishi. Pili, mtandao wa kijijini. Fika siku moja kabla au tuma mtu apime kasi ya kupakia, si ya kupakua. Kwa picha ya mistari 720 uwe na megabiti kama tatu kwa sekunde ambazo hazitetereki, na ubebe laini za kampuni mbili tofauti. Ikishindikana, shuka hadi picha ndogo zaidi, lakini sauti ibaki safi. Nyimbo za kanda zinazopigwa kwenye spika zinaweza kutambuliwa na mfumo wa hakimiliki wa YouTube na video ikazuiwa, kwa hiyo mwombe MC ategemee kwaya iliyopo wakati mko hewani.

Mkirudi, usilale kabla ya kunakili. Nakala tatu: laptopu, diski ya nje, na nyingine inayokaa nyumba tofauti na hizo mbili. Kadi zisifutwe mpaka familia iwe imepokea kazi na kusema imeridhika.

Malizia kitu kila wiki

Darasani utapewa kazi chache kubwa, na kila mtu atazichelewesha. Pembeni jiwekee yako: filamu ya dakika moja kila wiki, imekamilika, ina kichwa na mwisho. Fundi wa baiskeli Kondele. Mama anayekausha omena. Gugu maji likisukumwa na upepo mpaka mashua zinakosa njia. Anza kuhariri kwa sauti: panga maneno ya msemaji, fumba macho, sikiliza. Yakieleweka bila picha, ndipo uanze kuweka picha juu. Mara nyingine iache sauti ya mtu ianze sekunde moja kabla hujaonyesha uso wake. Utaona maungio yanavyolainika.

Kazi hizo usizitupe. Mfumo wa umahiri hutaka jalada la ushahidi, yaani mkusanyiko wa kazi ulizofanya kwa mkono wako, na mtathmini huja kulikagua. Wenzako watahangaika kulijaza wiki ya mwisho. Wewe utakuwa unachagua.

Sheria, kwa ufupi

Kupiga filamu ya kuonyesha umma au kuuza kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Kwa kazi za masomo, uliza chuo kikueleze utaratibu, na utembee na barua yake, kwani askari wa kaunti atakuuliza barua kabla ya jina. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhesabu mtu kwenye picha kuwa na haki juu ya taarifa zake, basi pata idhini kwa maandishi, na kwa mtoto, idhini ya mzazi. Muziki wa mtu ni mali yake chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, hata kama ni sekunde kumi. Na droni: zinasimamiwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, chini ya kanuni za 2020, huku uwanja wa ndege wa Kisumu ukiwa hapo hapo kando ya ziwa na mji. Usirushe kwa sababu binamu yako alirusha na hakukamatwa.

Atachimenti

Omba mapema, muhula mzima kabla. Stesheni za redio na televisheni hujaa kwanza, na huko mgeni mara nyingi hukaa wiki akitazama. Usizidharau ofisi ndogo: kampuni za harusi, idara za mawasiliano za kaunti, mashirika ya afya na uvuvi, makanisa makubwa yanayotangaza ibada mubashara kila Jumapili. Kanisa hasa. Lina kamera, lina mchanganyaji wa sauti, lina kazi isiyoahirishwa, na lina upungufu wa watu saa moja asubuhi.

Ukipata nafasi, omba siku ya kwanza uambiwe vifaa vinahifadhiwa wapi na uwe wewe unayevipanga. Atakayepanga begi ndiye atakayeitwa gari likiondoka. Jaza kitabu cha atachimenti kila jioni, msimamizi atie sahihi kila wiki, kwa sababu wasimamizi husafiri, na mkufunzi wako wa chuo atakuja kukagua siku ambayo hukutarajia.

Barua ya maombi ipeleke mwenyewe kwa mkono. Wengi hutuma viungo vya video kwa barua pepe na sisi hatuvifungui. Njoo na kazi yako ya dakika moja ikiwa tayari ndani ya simu, isiyohitaji mtandao, na hedifoni iliyofutwa. Ukiniambia "Dada, naomba dakika moja tu," nitaivaa, maana dakika moja hakuna anayeinyima. Ikiwa nitasikia kila neno la yule muuzaji wa Kibuye, nitakuuliza unaweza kuanza lini.